Barafu ya Mlangoni

Shemeji aliamka mwili unachemka, na mkewe, badala ya kumfunika, alianza kumtafutia barafu. Hakuuliza anaumwa nini. Siku hizo hakuna aliyeuliza. Alitoa chupa ya chai iliyojaa barafu aliyoitoa kiwandani jioni iliyopita, akamimina kwenye kitambaa, akakifunga, akamkandamizia mumewe kwenye paji la uso huku anamhimiza avae buti.

"Nasikia baridi," alisema Shemeji.

"Vumilia. Ukishapita mlangoni nitaitoa."

Mwanamume huyu hakuwa shemeji wa mtu yeyote katika jengo lile. Walimbandika jina hilo kwa sababu alikuja nchi ya watu akimfuata mkewe, aliyetangulia kupata kazi, na wanaume wa jengo, ambao nao hawakuwa na cha kujivunia, waliona ni kichekesho mume kuagizwa kama mzigo. Mkewe walimwita Mama Mapacha, japo mapacha wenyewe walibaki nyumbani kwa shangazi yao na walimjua mama yao kwa sauti ya simu. Chumbani alikuwemo pia mama mkwe, mama yake Shemeji, aliyekuja kutibiwa macho kisha mipaka ikafungwa naye yumo ndani. Macho hayakutibiwa. Alikaa kitandani kutwa nzima, anasikia kila kitu na kutoa maoni.

Jengo lilikuwa mali ya kiwanda cha kuku, na vyumba vilikuwa vya wafanyakazi wa kiwanda cha kuku. Kodi ilikatwa kwenye mshahara kabla mshahara haujaonekana. Ukimwaga unga kazini, unafungasha na godoro lako jioni hiyohiyo. Huo ndio uliokuwa ukarimu wa kampuni, na mabosi walipenda sana kuutaja.

Ugonjwa ulipoingia, mabosi walihamia kwenye nyumba zao za mashambani, wakawa wanaongoza kiwanda kwa njia ya simu. Kutoka huko waliwatumia wafanyakazi ujumbe wa video wa kuwaita mashujaa. Kila mmoja alipewa beji ya plastiki yenye neno hilo. Kisha likabandikwa tangazo: atakayekutwa na homa mlangoni atarudishwa nyumbani, yeye na wote anaolala nao chumba kimoja, bila malipo, mpaka kampuni itakaporidhika. Kampuni haikueleza itaridhishwa na kitu gani.

Kusimamia jambo hili walimpa mtu aliyekuwa akigawa glovu. Walimvisha fulana ya kijani, wakamkabidhi kibastola cha kupimia joto, na tangu hapo akatembea kifua mbele kana kwamba amesomea udaktari ng'ambo. Wafanyakazi walimwita Bwana Afya, na yeye, kwa kuwa hakujua kuwa anachekwa, alilipenda jina. Ugonjwa ulikuwa umeua watu wengi na kumkuza yeye.

Mlangoni Bwana Afya aliwapanga watu kwa kuachana hatua mbili, mguu juu ya alama ya rangi, na aliyesogea alikaripiwa. Ndani, mita chache kutoka kwenye alama hizo, watu walewale walisimama kando ya mnyororo kiwiko kwa kiwiko, kuku wanapita mbele yao wamening'inia, na kelele za mashine zilikuwa kubwa mno hivi kwamba ukitaka jirani akupishe ilibidi umpigie ukelele sikioni, mate na yote. Hewa ilikuwa ya baridi, ileile, ikizungushwa humohumo. Hilo halikuhitaji alama ya rangi.

Kwa hiyo watu walitumia akili, kama watu wanavyotumia akili wakibanwa. Aligundua nani kwanza haijulikani. Barafu ya vipande vyembamba, ile ya kupakia kuku, ukiifunga kwenye kitambaa na kuikandamiza kwenye paji la uso mpaka karibu na zamu yako, inakipumbaza kibastola. Kinasoma ngozi, hakisomi mtu. Mama Mapacha alifanya kazi chumba cha barafu, basi jengo zima likampenda ghafla. Walinzi waliokagua mifuko, soksi na hata sidiria kutafuta bawa la kuku lililoibwa hawakuwahi kufungua chupa yake ya chai. Alijiona mjanja kweli. Jioni aligawa barafu kwa vikombe, na vyumba vyenye wagonjwa ndivyo vilivyopewa vikubwa.

Asubuhi ile Shemeji alipita. Bwana Afya alimwelekezea kibastola, akaangalia namba, akamwambia, "Safi, ingia." Shemeji akaingia, akasimama kwenye nafasi yake, akakata mapaja ya kuku siku nzima huku meno yanagongana.

*

Siku ya mapumziko ilipofika, kifua kilikuwa kimebana. Shemeji alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono magotini, anavuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Hakuweza kulala chali. Maneno aliyasema mawilimawili.

Mama mkwe alisema kwamba macho yake ni mabovu lakini masikio ni mazima, na kwamba alishamsikia baba yake Shemeji akipumua hivyo wiki aliyomfia. Aliuliza wanangoja nini. Mama Mapacha akajibu wanangoja jioni, jua lipungue. Mama mkwe akamwambia kifua hakijui jua.

Kinyozi akagonga mlango. Alikuwa jirani wa chumba cha pili, mkata mabawa, na aliitwa hivyo kwa sababu alinyoa wanaume wa jengo siku za mapumziko. Alikuwa amesikia kikohozi ukutani. Hakuingia, alisimama mlangoni, kola ya shati ameivuta mpaka puani, akatoa pole, kisha akatoa kilichomleta. Alisema wageni wanaokutwa na homa hospitalini hawalazwi. Wanapelekwa uwanja wa mpira, wanafungiwa humo, na usiku yanakuja mabasi ya kwenda mpakani. Binamu yake alikuwa na rafiki aliyeyaona mabasi. Na kama Shemeji akiandikwa mgonjwa, basi jengo zima limekwisha, maana korido ni moja, choo ni kimoja.

"Sisemi asitibiwe," alisema Kinyozi. "Nasema mtufikirie na sisi."

Shemeji mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kukubali. Mama mkwe akamjibu Kinyozi kwamba akitaka kufikiriwa akajifikirie chumbani kwake.

Mama Mapacha alikuwa akipiga hesabu zake. Mlango wa hospitali ulikuwa na kibastola. Hilo alilijua, kila mlango ulikuwa nacho siku hizo. Duka la mkate lilikuwa nacho. Ofisi ya vibali ilikuwa nacho. Na kila mlango wenye kibastola aliowahi kuupita ulikuwa na desturi moja: mwenye paji la baridi anaingia, mwenye paji la moto anafukuzwa. Mpango ukamjia mzima. Wataingia kama watu wasioumwa. Wakishafika ndani, mbele ya daktari, mlango umefungwa, ndipo atakapomnong'oneza habari za kifua.

Walivaa nguo zao nzuri. Shemeji alivaa shati la kuolea, na suruali ikawa inamvuka, akaifunga kwa kamba ndani. Walitembea, kwa sababu madereva walikuwa hawapakii watu wa jengo lile. Kwenye uchochoro wa nyuma ya hospitali, kando ya mapipa, Mama Mapacha alimkalisha mumewe kwenye kreti, akatoa chupa, akamkanda paji la uso, mashavu na shingo mpaka ngozi ikawa kama ya samaki wa dukani. Akamfuta kwa kanga. Akamwambia asikohoe, asiiname.

"Simama kama kazini," alimwambia.

Na Shemeji akasimama kama kazini. Kipaji hicho alikuwa nacho. Foleni ilikuwa ndefu, askari wawili wakizunguka na fimbo, na yeye akasimama wima humo akikimeza kikohozi kila kinapopanda. Machozi yalimtoka, akayafuta kama jasho.

Kwenye hema la mlangoni alikuwapo nesi, amevaa nailoni kuanzia kichwani mpaka vidoleni. Pengine alikuwa amechoka. Wote walisema baadaye kwamba alikuwa amechoka. Alimwelekezea Shemeji kibastola, akaangalia namba. Midomo ilikuwa imeanza kugeuka rangi chini ya barakoa, lakini barakoa hakuomba ivuliwe. Aliuliza tatizo ni nini.

"Kifua kidogo tu," alijibu Mama Mapacha, kwa lugha ya pale, kwa adabu, jinsi wageni wanavyofundishwa kujibu.

"Homa hana. Hapa tunapokea wenye homa tu. Mpe hizi, anywe maji mengi, apumzike nyumbani. Anayefuata."

Mama Mapacha alisikia kila neno. Alifungua mdomo. Askari mmoja alikuwa amesimama karibu, anachezea fimbo yake, na nyuma mama mmoja aliyevaa vizuri alikuwa anaguna kwamba hawa watu wanajaza foleni hata wakiwa wazima. Mdomo ukajifunga wenyewe.

"Asante," alisema.

Walikuwa wamefika kwenye ukuta wa shule, mtaa wa pili, Shemeji alipoomba akae. Akakaa chini, kwenye lami, na shati lake la kuolea. Alipumua kwa muda. Kisha akaanza kutikisika, mkewe akadhani ni degedege, kumbe alikuwa anacheka.

"Wenye homa tu," alisema. "Mimi si... ninayo?"

Alicheka mpaka kikohozi alichokuwa amekimeza foleni nzima kikatoka chote kwa pamoja. Mama Mapacha alichuchumaa mbele yake, ameshika kile kipakiti cha vidonge, na ndipo jambo lile likamwingia lote. Alimwambia warudi. Paji lilikuwa limeshaanza kupata moto tena, aliligusa kwa mkono akaona. Wangerudi tu, wapange foleni upya.

"Yule nesi... ametuona," alisema Shemeji. "Atauliza... imetoka wapi. Mbele ya watu."

Hapo ndipo aibu ilipofanya kazi yake. Hawakuogopa kufa wakati ule; waliogopa kuitwa waongo mbele ya mama aliyevaa vizuri. Ni upuuzi, lakini mtu aliyezoea kukaguliwa soksi ana upuuzi wa aina yake. Wakashikana mkono, wakarudi nyumbani.

*

Kesho yake Mama Mapacha alienda kazini. Msomaji mwenye mshahara wa mwezi anaweza kushangaa, na ashangae. Alimwambia Bwana Afya kwamba mumewe anaumwa jino. Bwana Afya akamjibu kwamba jino halimo kwenye tangazo, kwa hiyo siku hiyo itakatwa tu kama utoro wa kawaida.

Aliporudi alimkuta mama mkwe amemkalisha mwanawe sakafuni, mgongo kifuani kwake, anamshikilia asianguke. Hakuona rangi ya midomo ya mwanawe, macho hayakumruhusu, lakini alikuwa ameishika mikono yake. Alisema imekuwa ya baridi, na safari hii hakuna aliyeitia barafu.

Kinyozi hakufungua mlango walipogonga kuomba msaada wa kumbeba. Kwa hiyo walimbeba wanawake wawili, mmoja nusu kipofu, mpaka barabarani, na mwenye mkokoteni wa chupa tupu ndiye aliyekubali kuwasaidia. Hospitali ikampokea hapohapo. Alikuwa na homa ya kutosha kumpendeza mtu yeyote.

Daktari alitoka baada ya muda, kijana, barakoa imemchora mstari shavuni. Aliongea akiangalia ukuta.

"Mmechelewa sana, mama. Mngekuja jana."

"Jana tulikuja."

Daktari akageuka, akamwangalia. Mama Mapacha akasimulia yote: barafu, kitambaa, kreti ya uchochoroni, mlango wa kiwanda, korido nzima yenye vikombe. Alisimulia kwa sauti kubwa, na safari hii watu wote ukumbini wakasikia, na wala hakuna aliyemwita mwongo. Daktari hakucheka wala hakumkaripia. Alisema atalazimika kutoa taarifa. Mama Mapacha akamwambia aitoe, ila kwanza aende akamwangalie mumewe.

Shemeji alikufa siku iliyofuata. Walimzika watu waliovaa nailoni, na mama yake aliambiwa asimame nje ya uzio. Aliuliza wanamzika upande gani ili aelekeze uso wake huko. Askari akamwonyesha kwa kidole, kisha akakumbuka kwamba haoni, akamshika mabega na kumgeuza.

*

Taarifa ya daktari ilileta wakaguzi. Walikuja na gari zuri, wakapiga picha alama za rangi pale mlangoni na kuzisifu, wakanywa chai ofisini, wakaondoka bila kuingia kwenye mnyororo kwa sababu ndani kulikuwa na baridi. Siku chache baadaye kampuni ikatoa tamko lake. Ilisema imehuzunishwa na msiba, na kwamba imeshtushwa kugundua baadhi ya wafanyakazi walikuwa wakificha dalili kwa makusudi, kinyume na miongozo, na hivyo kuhatarisha wenzao. Ilisema suala hilo linatokana na mila na uelewa mdogo wa afya. Ilisema pia kwamba barafu ni mali ya kampuni.

Jengo nalo likachagua upande, na likachagua lilivyozoea. Mama Mapacha alikuta sufuria yake imeondolewa kwenye jiko la pamoja na kuwekwa chini, karibu na ufagio. Watu walioishi kwa vikombe vyake walimpisha kwenye korido kwa kugeukia ukutani. Kinyozi alimwambia uso kwa uso kwamba amewauza. Alimjibu kwamba hakupata hata senti, na kama kuna aliyenunua amwonyeshe. Kisha akaingia chumbani, akalia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Chumba walichokaa kilihitaji mtu aliye kazini, la sivyo kiachwe. Tangazo lilipitishwa chini ya mlango kumkumbusha hilo, pamoja na rambirambi. Asubuhi aliyotakiwa kurudi aliamka koo linawaka na mifupa inauma yote. Mama mkwe alinyoosha mkono akamgusa paji la uso, akauacha mkono hapo.

"Usiende, mwanangu."

"Tukifukuzwa, mama, nitakupeleka wapi?"

Mama mkwe akauondoa mkono. Akapapasa chini ya kitanda, akatoa chupa ya chai. Ilikuwa na maji tu, barafu yote ilishayeyuka, lakini yalikuwa bado ya baridi. Mama Mapacha akaipokea, akayamwaga kwenye sinki la korido mbele ya watu, akavaa buti.

*

Mlangoni mstari ulikuwa mrefu kuliko kawaida, kwa kuwa watu waliougua walikuwa wengi na waliobaki waliitwa kufanya zamu mbili. Nyuma yake alisimama Kinyozi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, tone la maji linamteremka puani. Hawakusalimiana.

Bwana Afya alimpa pole Mama Mapacha, pole rasmi, ya kijani kama fulana yake. Akamwelekezea kibastola. Kibastola kililia. Hakikuwa kimelia siku nyingi mlangoni pale, na watu wakainua vichwa. Bwana Afya aliangalia namba, akaangalia saa yake, akasogea karibu kuliko alama za rangi zilivyoruhusu, akashusha sauti, lakini si ya kutosha.

"Mama, leo vipi? Wewe tena ndiye wa kunifanyia hivi? Barafu iko kwenye ndoo nyuma ya kibanda, nimeiweka mwenyewe. Jipoze, urudi kwenye mstari. Watu hawatoshi leo."

Mama Mapacha alimwangalia. Siku zote zile alidhani wamemdanganya. Alikuwa amejipongeza kwa chupa ile, amewadharau walinzi kwa upofu wao, na mwanamume huyu wa glovu alikuwa anajua tangu siku ya kwanza, na waliomtuma walijua, na kila asubuhi alipomwambia Shemeji "safi, ingia" alikuwa anaiona barafu ikimchuruzika masikioni.

"Niandike," alisema.

"Nini?"

"Una kitabu hapo. Niandike nina homa."

"Usilete mambo, mama. Sogea pembeni, unachelewesha watu."

"Sisogei. Pima tena, kwa sauti, uandike. Mnasema tunaficha. Mimi sijaficha."

Bwana Afya akaangalia mstari, akitafuta mtu wa kumsukuma yule mwanamke. Mtu wa karibu alikuwa Kinyozi. Alimwashiria kwa kidevu. Kinyozi aliangalia chini, akavua kofia polepole, na kitambaa chenye barafu kikadondoka kwenye alama ya rangi. Hakukiokota. Hakumsukuma mtu.

Ndani kengele ililia na mnyororo ukaanza kuzunguka, kwa sababu uliwashwa na mashine wala si na mtu. Kuku wa kwanza waliingia wamening'inia, wakapita kwenye nafasi ya mapaja, wakapita kwenye nafasi ya mabawa, wakafika mwisho wazima, bila kukatwa, wakaanza kurundikana sakafuni.